Kwa Nini Bwawa Moja Zuri Halitoshi Kuokoa Wadudu wa Majini

Habari mbili kuhusu wadudu zimekuwa zikipishana kwa miaka kadhaa sasa na kuwaacha wasomaji njia panda. Ya kwanza inasema wadudu wanatoweka. Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya mitego iliyotegwa katika maeneo ya hifadhi nchini Ujerumani, wakaonyesha kwamba uzito wa wadudu warukao ulikuwa umepungua kwa zaidi ya asilimia 75 ndani ya miaka 27. Ya pili ilitoka mwaka 2020. Uchambuzi mkubwa uliokusanya tafiti za muda mrefu kutoka nchi mbalimbali ulieleza kwamba wadudu wa nchi kavu wanapungua kwa karibu asilimia 9 kila miaka kumi, ilhali wale wa majini wanaongezeka kwa karibu asilimia 11. Waliosoma hiyo ya pili harakaharaka wakapumua: kumbe majini mambo ni shwari.

Si shwari. Ili kuona kwa nini, ni lazima kwanza kutenganisha vitu viwili ambavyo mazungumzo ya kila siku huvichanganya, yaani wingi na anuwai. Wingi ni idadi ya wadudu, au uzito wao kwa jumla. Anuwai ni idadi ya aina zao, ambazo wanasayansi huziita spishi. Mwenye nakala elfu moja za ufunguo mmoja bado hufungua mlango mmoja tu. Mwenye funguo kumi tofauti hufungua milango kumi. Mto uliokuwa umejaa maji taka ukisafishwa, wadudu wachache wanaozaana upesi wanaweza kuongezeka maradufu, na hesabu ya wingi ikapanda, bila spishi hata moja iliyopotea kurudi. Isitoshe, takwimu nyingi za maji katika uchambuzi ule zilitoka Ulaya na Amerika Kaskazini, ambako miongo kadhaa ya sheria imepunguza uchafu mitoni.

Tukihesabu spishi badala ya vichwa, picha hubadilika. Mwaka 2021 IUCN, umoja wa kimataifa unaotoa orodha ya viumbe walio hatarini, ulikamilisha tathmini ya kwanza ya kereng'ende wa dunia nzima. Kati ya spishi 6,016 zilizochunguzwa, asilimia 16 zilionekana kuwa katika hatari ya kutoweka. Tathmini pana zaidi iliyochapishwa mwaka 2025, iliyojumuisha samaki, kereng'ende na jamii ya kaa na kamba wa maji yasiyo na chumvi, iliona kwamba karibu robo ya spishi hizo ziko hatarini, na kwa kaa na kamba ni karibu theluthi.

Makala haya yanahusu sehemu moja ya suala hilo, na kwa maoni yangu ndiyo inayopuuzwa kuliko zote: mabwawa madogo.

Bwawa ni lipi, na arithropodi ni nani

Kwa bwawa hapa nazungumzia maji yaliyotuama, yasiyo na chumvi, ambayo ni madogo kuliko ziwa. Kipimo kinachotumika sana katika utafiti huanzia mita moja ya mraba hadi takriban hekta mbili. Liwe limechimbwa na watu au limejitengeneza lenyewe, liwe na maji mwaka mzima au likauke kwa miezi kadhaa, kwa wadudu yote hayo ni mabwawa.

Arithropodi ni wanyama wasio na uti wa mgongo, wenye miguu yenye viungo na ngozi ngumu ya nje ambayo huibambua ili wakue. Wadudu ni kundi mojawapo tu. Bwawani wapo pia jamaa wa kamba na kaa, wengi wao wakiwa wadogo kiasi cha kuonekana kama vumbi linalocheza ndani ya maji. Maarufu zaidi kati yao ni viroboto-maji, wanaochuja mwani na kuyafanya maji yang'ae. Wapo buibui, na wapo utitiri wa majini, wenye rangi nyekundu kama shanga, ambao utotoni hung'ang'ania miili ya kereng'ende na mbu na kusafiri nao.

Maisha ya viumbe hawa yana mambo ambayo mtu akiyajua hawezi tena kulipita bwawa bila kuinama. Lava wa kereng'ende mnene, yaani mtoto wake anayeishi majini, huvuta maji kwa nyuma, hupumua kwa matamvua yaliyomo ndani ya utumbo wake, na akitishwa huyatoa maji hayo kwa nguvu na kufyatuka mbele. Jamii fulani ya kunguni wakubwa wa majini huwaachia madume kazi ya kulea: jike hutaga mayai juu ya mgongo wa dume, naye huyabeba mpaka yaanguliwe. Mbawakawa wanaozungukazunguka juu ya maji wana macho yaliyogawanyika, nusu ikitazama hewani na nusu ikitazama chini ya maji. Na huko Ulaya na Asia yuko buibui anayeishi karibu maisha yake yote ndani ya maji. Hufuma utando kati ya mimea, huujaza hewa anayoileta kutoka juu, na kiputo hicho hufyonza oksijeni kutoka katika maji yanayokizunguka.

Maji yasiyo na chumvi hufunika chini ya asilimia moja ya uso wa dunia, ilhali karibu asilimia 10 ya spishi za wanyama wanaojulikana huishi humo. Zaidi ya nusu ya spishi hizo ni wadudu.

Tofauti kati ya bwawa na bwawa

Mtu akiulizwa achague cha kulinda kati ya mto mpana na vibwawa ishirini vilivyotawanyika mashambani, wengi watauchagua mto. Watafiti waliofanya kazi katika eneo la kilimo kusini mwa Uingereza walilipima jambo hili, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2004. Walilinganisha mito, vijito, mitaro na mabwawa ya eneo moja. Mabwawa yalitofautiana sana: mengine yalikuwa na viumbe wengi sawa na sehemu bora za mto, mengine yalikuwa maskini kabisa. Lakini walipojumlisha spishi za eneo zima, mabwawa yaliongoza. Yalikuwa na spishi nyingi zaidi, spishi adimu nyingi zaidi, na spishi nyingi zaidi zisizopatikana katika maji ya aina nyingine.

Inawezekanaje, ikiwa bwawa mojamoja wakati mwingine ni maskini? Hesabu ni hii. Chukua mabwawa matatu, kila moja likiwa na spishi 30. Kama ni spishi zilezile katika yote matatu, eneo zima lina spishi 30. Lakini kama yanashirikiana spishi 10 tu, na kila bwawa lina 20 zake peke yake, eneo lina spishi 70. Hakuna bwawa lililozidi kuwa tajiri. Kilichobadilika ni kwamba hayafanani. Utajiri umo katika tofauti baina yao, na hiyo ndiyo hoja ambayo mipango mingi ya uhifadhi huikosa inapochagua bwawa moja "bora" na kuyaacha mengine yafukiwe.

Sababu ya tofauti hizo ni udogo wenyewe. Mto hukusanya maji kutoka eneo kubwa, na kwa hiyo maji yake huwa wastani wa kila kitu kilichoko juu yake. Bwawa hupokea maji kutoka kipande kidogo tu cha ardhi. Lililo juu ya udongo wa mfinyanzi huwa na maji ya aina moja, na lililo juu ya mchanga, umbali wa hatua mia mbili, huwa na maji ya aina nyingine. Moja limefunikwa na kivuli, jingine linapigwa na jua kutwa. Moja lilichimbwa juzi na chini yake ni peupe, jingine limejaa matete ya miaka mingi. Kila hali ina wenyewe wanaoipenda na wanaoishi humo tu.

Udogo huo una faida nyingine ambayo naiona ya kutia moyo sana. Hakuna mtu mmoja anayeweza kusafisha mto, kwa sababu uchafu wake unatoka kwa maelfu ya watu walio juu yake. Ila mwenye shamba mmoja, shule moja au kikundi kimoja kinaweza kulinda eneo lote linalolisha bwawa lao, wakapata maji safi kabisa.

Kwa upande mwingine, udogo huyafanya mabwawa yasionekane na sheria. Mfano ni sheria kuu ya maji ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2000, ambayo kwa kawaida huyahesabu maziwa kuanzia hekta 50. Mkataba wa Ramsar, unaohusu ardhioevu za dunia, ulipitisha azimio maalumu kuhusu ardhioevu ndogo mwaka 2018 huko Dubai, miaka 47 baada ya mkataba wenyewe kutiwa saini.

"Limekauka, limekufa"

Hii ndiyo dhana iliyoua mabwawa mengi kuliko pengine nyingine yoyote. Bwawa linapokauka kila kiangazi, watu huamua mambo mawili: ama walifukie kwa kuwa halina maana, ama walichimbe liwe refu ili lisikauke tena. Yote mawili huangamiza jamii nzima ya viumbe.

Kukauka huondoa samaki, na samaki ndio walaji wakuu wa wadudu wa majini. Kwa hiyo bwawa la msimu ni kimbilio la viumbe wasioweza kuishi mahali penye samaki. Nao wana mbinu zao. Jamaa fulani wa kamba wanaoishi katika madimbwi ya mvua hutaga mayai yenye ganda gumu, ambayo hulala ndani ya vumbi kwa miaka na huanguliwa mvua ikirudi. Mayai ya viroboto-maji yaliyochimbuliwa katika tabaka za chini za matope yameweza kuanguliwa baada ya karne kadhaa. Katika madimbwi ya miambani ya maeneo makavu ya Afrika yupo kijimbu kisichouma, jina lake la kisayansi Polypedilum vanderplanki, ambaye lava wake hukauka hadi kupoteza asilimia 97 ya maji ya mwili. Hubaki kama ganda la mbegu. Lava waliokaa wakiwa wakavu kwa miaka 17 waliwekwa majini wakaamka.

Wengine hawasubiri, huhama. Kereng'ende aitwaye Pantala flavescens hufuata mvua. Hutaga katika madimbwi mapya, na watoto wake kwa kawaida hukamilika kabla ya miezi miwili kupita, maji yakiwa bado yapo. Kisha hupaa. Ndiye kereng'ende anayesafiri mbali kuliko wote wanaojulikana, na ushahidi uliokusanywa unaonyesha kwamba huvuka Bahari ya Hindi kutoka upande wa India kwenda Afrika Mashariki kwa kubebwa na kaskazi, pepo zilezile zilizoyasukuma majahazi. Safari hiyo yote inategemea madimbwi ambayo kwenye ramani nyingi hayapo.

Bwawa linalokauka, basi, liko katika nusu ya pili ya maisha yake ya mwaka. Ukililima au kulimwagia kifusi wakati huo, unawafukia waliolala.

Na mbu je?

Swali hili ni la haki. Malaria na dengi huua, na hakuna mhifadhi anayepaswa kuwajibu watu kwa kebehi wanapoogopa maji yaliyotuama.

Dunia ina zaidi ya spishi 3,000 za mbu, na ni sehemu ndogo tu inayoambukiza watu magonjwa. Hizo hatari nazo hazipendi maji ya aina moja. Aedes aegypti, anayeeneza dengi, huzaliana katika vyombo: matairi, makopo, ndoo, matangi yasiyofunikwa. Culex anayeuma usiku mijini hupenda maji machafu ya vyoo na mitaro. Anopheles gambiae, mwenezaji mkubwa wa malaria Afrika, hupendelea vidimbwi vidogo vya muda vinavyopigwa na jua, kama alama za kwato na za magurudumu. Lakini Anopheles funestus, naye mwenezaji mkubwa wa malaria, hupenda maji ya kudumu yenye mimea, na bwawa linaweza kumfaa. Kwa hiyo si kweli kwamba mabwawa hayana mbu wa hatari kamwe, na si kweli kwamba kila bwawa ni kiwanda cha mbu.

Kinachoamua mara nyingi ni nani mwingine anaishi humo. Kidimbwi cha alama ya kwato hakina walaji, kwani kimejitokeza juzi tu. Bwawa lenye uhai kamili lina lava wa kereng'ende, mbawakawa wa majini na wadudu waogeleao chali, na wote hao hula viluwiluwi vya mbu. Wapo hata mbu ambao hunusa harufu ya wadudu hao majini wakaenda kutaga kwingine. Ukimwaga mafuta au sumu ya kuua kila kitu, unaua walaji pamoja na mbu. Mbu ndio hurudi kwanza, kwa sababu kizazi chao ni cha siku chache, ilhali kereng'ende wengi huhitaji miezi na wengine miaka. Palipo na haja ya dawa, ile ya bakteria wanaolenga viluwiluwi vya mbu ina madhara madogo kuliko sumu za kawaida, ingawa nayo inaweza kuwagusa jamaa wa karibu wa mbu.

Suluhisho lililopendwa katika karne ya 20 lilikuwa samaki. Samaki wadogo wa jenasi ya Gambusia walichukuliwa Amerika Kaskazini wakasambazwa katika mabara mengi wale mbu. Wanakula mbu, naam, lakini wanakula pia lava wa kereng'ende, viroboto-maji na mayai ya vyura, na leo mmoja wao, Gambusia affinis, yumo katika orodha ya IUCN ya viumbe vamizi 100 wabaya zaidi duniani. Bwawa la kufugia samaki ni kitu kizuri kikikaa mahali pake. Kuwamwaga samaki katika bwawa la asili lisilokuwa nao ni kulibomoa.

Kinacholiharibu bwawa

Kwanza ni mbolea. Mvua ikiisukumia majini, mwani hunawiri, maji hugeuka kijani kibichi na mwanga haufiki chini. Mimea ya majini hufa, na pamoja nayo hupotea maficho na mahali pa kutagia. Usiku mwani na bakteria wanaouozesha humaliza oksijeni. Jambo gumu ni kwamba bwawa likishafika hali hiyo huweza kung'ang'ania humo hata mbolea ikipunguzwa, kwa kuwa virutubisho vimelala ndani ya matope.

Pili ni dawa za kuulia wadudu, ambazo hazijui mdudu wa shambani na wa bwawani. Imidakloprid, mojawapo ya dawa hizo, huyeyuka majini kwa urahisi, na kwa baadhi ya wadudu wa majini hudhuru hata ikiwa chini ya mikrogramu moja katika lita. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku mashambani mwaka 2018, pamoja na wenzake wawili, kwa ajili ya nyuki. Wadudu wa majini hawakutajwa sana, ingawa nao walikuwa wakiumia.

Madhara mengine hayatarajiwi. Wadudu wengi huyatambua maji kwa namna mwanga unavyoakisiwa kutoka juu yake. Lami, vioo vyeusi, paneli za sola na hata magari yanayong'aa huakisi mwanga kwa namna hiyohiyo, na wadudu hutaga juu yake mayai yasiyokuwa na tumaini.

La kufanya

Ukilinda maji, linda na ukingo. Mbawakawa wengi wapigao mbizi hutoka majini wakiwa lava na kwenda kugeuka pupa, hatua ya kati ya lava na mdudu mzima, ndani ya udongo wenye unyevu, na kereng'ende wazima huhitaji nyasi za kuwindia na kupumzikia. Bwawa lililofyekwa na kusakafiwa pembeni hupendeza machoni, lakini limeondolewa nusu ya makazi.

Wanaochimba jipya hudhani kina ndicho cha maana. Viumbe wengi hukaa pembeni, katika maji ya kina cha sentimita chache, yenye joto na mimea. Mteremko mpole una thamani kuliko shimo refu, na mabwawa madogo manne ya vina tofauti yana thamani kuliko moja kubwa. La muhimu kuliko yote ni chanzo: maji ya mvua au ya chini ya ardhi, si ya mtaro wa barabara wala ya kijito kinachopita mashambani. Usirudishe udongo wa juu ndani ya shimo, maana umejaa rutuba. Usipande kitu wala kuhamisha matope na mimea kutoka bwawa jingine, kwani ndivyo magugu vamizi na magonjwa ya vyura yanavyosafiri. Wenye mabawa watalipata wenyewe, na wapo kereng'ende wanaopenda hasa bwawa jipya lisilo na mmea hata mmoja.

La zamani lililojaa matope lisizolewe lote kwa mkupuo. Ondoa sehemu moja, acha misimu ipite, kisha rudi. Hata lililofukiwa si lazima liwe limepotea: huko Norfolk, Uingereza, watafiti walioeleza kazi yao mwaka 2017 walifukua mabwawa yaliyozikwa chini ya mashamba, wakafika kwenye matope ya kale, na mbegu za mimea ya majini zilizolala humo kwa zaidi ya karne zikaota.

Ili kujua kama juhudi zinafanikiwa, kumwona kereng'ende akipita hakutoshi, kwani huenda yuko safarini. Tafuta magamba makavu aliyoyaacha lava kwenye majani ya ukingoni. Hayo yanathibitisha kwamba amezaliwa hapo. Afrika Kusini wanatumia kipimo kinachompa kila kereng'ende alama kuanzia 0 hadi 9 kulingana na ukubwa wa eneo anamopatikana, hatari inayomkabili na wepesi wake wa kuathirika na mabadiliko. Bwawa lenye spishi tano za alama za juu linaweza kustahili ulinzi kuliko lenye kumi za kawaida.

Kabla ya hayo yote, kuna kazi ya kuyaorodhesha. Picha za setilaiti huyakosa yaliyo madogo na yaliyofunikwa na miti, na zikipigwa kiangazi huyakosa pia yaliyokauka. Inabidi mtu atembee, msimu wa mvua na msimu wa ukame, akiandika kwa kila bwawa mambo manne: liko wapi, lina maji miezi gani, maji yake yanatoka wapi, na kama lina samaki.